Mtunza samaki anayesubiri kujua kama woga hurithiwa

Taa za chumba cha samaki huwaka zenyewe asubuhi, zote kwa mpigo, na zinapowaka leo Mama Samaki tayari amesimama katikati ya rafu, mikono nyuma. Hapendi mwanga umtangulie. Samaki hawa hutaga mayai pale tu kunapokucha, na humu ndani kunakucha pale taa zinaposema kumekucha.

Jana jioni aliweka dume na jike katika kila kisanduku na kuwatenga kwa kipande cha plastiki. Sasa anapita akivuta vipande hivyo, kimoja baada ya kingine, taratibu, halafu anarudi kinyumenyume hadi ukutani.

"Usisogee," anamnong'oneza mwandishi. "Hawa ni kama maharusi. Ukiwachungulia wanaghairi."

Chumba kina joto la kutoa jasho na kinanuka maji yaliyolala. Kuanzia karibu na sakafu hadi karibu na dari vimepangwa visanduku angavu vya plastiki, na ndani yake wanaogelea samaki wasiozidi urefu wa kidole cha mwisho, wenye milia ya buluu kutoka shavuni hadi mkiani. Kwa milia hiyo wanaitwa samaki pundamilia. Majirani wa Mama Samaki, waliposikia kwamba kazini kwake anafuga samaki, walimwomba kitoweo. Alipowaonyesha ukubwa wao kwa vidole, mmoja alimuuliza kama hao ndio chambo.

Kisa hicho hukisimulia vizuri, na kwa kawaida hukicheka mwenyewe kabla ya msikilizaji. Leo anakisimulia bila kucheka.

Mayai yameanza kudondoka. Yanapita kwenye wavu ulio chini ya kisanduku ili wazazi wasiyafikie, maana samaki hawa hawana haya, hula watoto wao kabla hawajawajua. Anayakusanya kwa chujio la chai, la kawaida kabisa, kisha anayamimina kwenye sahani ya kioo. Ni madogo kama chembe za sukari.

"Haya ni ya kuanza upya," anasema. "Tulikuwa tumekaribia kumaliza. Aliyeharibu ni mimi."

Mama Samaki aliingia hapa kama mfagiaji. Mtunza samaki wa wakati huo alipoacha kazi, hakuna aliyeitaka nafasi yake, kwa sababu samaki hawajui Jumapili wala sikukuu, na mshahara wenyewe ni wa kuvumiliana. Yeye akaombwa awalishe kwa siku mbili tatu. Siku hizo mbili tatu sasa zimepita miaka kumi.

Kiongozi wa utafiti ni mwanamke kijana ambaye angeweza kuwa binti yake. Wote humwita Profesa, naye humwita mtunza samaki wake Mama. Anachochunguza ni ubongo, hasa namna maisha aliyoyapitia mzazi yanavyoweza kuacha alama kwenye ubongo wa mtoto.

"Jeni tunazorithi ni kama nyaya za umeme ndani ya nyumba," anaeleza Profesa. "Nyumba mbili zinaweza kuwa na nyaya zilezile, lakini hii taa ya sebuleni inawaka, ile imezimwa. Juu ya jeni kuna alama ndogo za kikemikali zinazosema hii iwake, hii izime. Elimu ya alama hizo ndiyo epijenetiki. Nyaya hazibadiliki, zinazobadilika ni swichi."

Anawatumia samaki hawa kwa sababu yai lao hupitisha mwanga, kwa hiyo ukilitazama kwa hadubini unauona ubongo ukijijenga bila kupasua chochote. Tena huzaana upesi. Kizazi kimoja kinakua na kupata watoto ndani ya miezi michache.

"Kwa binadamu ningetakiwa kuishi miaka mia," anasema. "Na bado nisingemaliza."

Utafiti ulianza kwa makundi mawili. La kwanza liliachwa liishi kwa raha zake. La pili lilitakiwa lionje hofu, na kazi ya kulitia hofu ilikuwa ya Mama Samaki. Kila siku aliingiza kijiwavu ndani ya visanduku vyao na kuwafukuza huku na huku kwa muda mfupi, bila kuwadhuru, kisha akauondoa.

"Nilikuwa jambazi wao," anasema. "Nawalisha mimi, nawafukuza mimi. Wangekuwa na mdomo wa kusema, wangenishtaki."

Kisha samaki hao walizaa, na watoto wao wakahamishiwa kwenye rafu nyingine, tulivu, ambako hakuna kijiwavu kilichowahi kuingia. Hapo ndipo alipoona jambo lililomnyima raha. Watoto wa samaki wasiojua hofu walikuwa wakija juu alipopita, wakidhani amewaletea chakula. Watoto wa wale waliofukuzwa walijibanza chini kabisa, pembeni, kwa kivuli tu cha mkono wake. Profesa alipochunguza bongo zao alizikuta alama za wazazi wao zipo palepale.

Waswahili wana methali mbili zinazopingana juu ya jambo hili, na kila mmoja wetu huchagua inayomfaa siku hiyo. Ya kwanza inasema mtoto wa nyoka ni nyoka. Ya pili inasema mtoto umleavyo ndivyo akuavyo. Ukiondoa mashine na hadubini, utafiti wa Profesa ulikuwa wa kutaka kujua ipi kati ya hizo mbili inasema kweli. Jibu lingetoka kwa wajukuu. Ikiwa hao, waliolelewa kwa amani, na ambao wazazi wao pia walilelewa kwa amani, watakutwa alama zimefifia, basi woga una mwisho wake.

Hakuna mtu pale kazini aliyejua kwa nini mtunza samaki aliuliza habari za wajukuu karibu kila siku.

Nyumbani Mama Samaki ana binti mmoja. Tangu utotoni anaitwa Kifaranga, kwa sababu mlango ukigongwa kwa nguvu, au sufuria ikianguka kwa jirani, yeye tayari yuko chini ya meza. Shuleni watoto walikuwa wakipasua mifuko ya karatasi nyuma yake kusudi wacheke. Sasa ni mtu mzima, fundi cherehani anayefanyia kazi nyumbani, kwa sababu kelele za karakana zilimshinda. Ameolewa na mwanamume mpole, mwenye kuongea kama anayeogopa kumwamsha mtu, na ana mimba kubwa ya mtoto wa kwanza.

Ipo methali nyingine, kwamba aliyeumwa na nyoka akiona ung'ongo hushtuka. Lakini Kifaranga hakuwahi kuumwa. Hakupigwa, hakutishwa, hakuishi na mtu mkali hata siku moja. Shangazi yake, kila alipomwona akiruka kwa mlio wa kitu, alikuwa akisema, "Huo woga kautoa kwa kina mama yake. Kwetu hakuna waoga."

Shangazi huyo ni dada wa baba yake. Na baba yake ndiye nyoka mwenyewe.

"Nilikuwa na mimba ya huyu mtoto," anasema Mama Samaki, macho yakiwa kwenye sahani ya mayai. "Akirudi jioni, nilimjua kwa namna anavyotia ufunguo. Akiutia taratibu, leo kuna nafuu. Ukigonga-gonga kwenye kitasa, najua leo ni leo. Nilikuwa nakaa nyuma ya mlango wa jikoni, nimeshika tumbo, nasikiliza ule ufunguo. Mimba nzima niliilea hivyo."

Mume aliondoka kabla mtoto hajazaliwa, na hakurudi. Mama akashukuru Mungu, akahama, akamlea binti yake katika nyumba ambayo hakuna anayepaza sauti. Mtoto alipouliza, aliambiwa baba yake alikuwa mtu wa safari. Uongo huo ulidumu, kama udumuvyo uongo mdogo usiomsumbua mtu.

Haukumsumbua hadi siku ambayo Profesa alileta wageni chumbani na kuwaeleza kazi yake. Mama Samaki alikuwa akipiga deki pembeni. Alisikia habari za nyaya na swichi, na jinsi hofu ya mzazi inavyoweza kumfika mtoto ambaye hajaiona dunia.

"Niliacha tambara palepale, nikaenda kukaa chooni," anasema. "Nilijiambia, kumbe mimi ndiye niliyempa."

Tangu siku hiyo akawa mtu wa kusubiri wajukuu wa samaki. Kama alama zingefifia kwao, angemwendea binti yake na ukweli wote, na mkononi angekuwa na neno la kumtuliza. Alitaka habari mbaya na njema ziingie mlangoni pamoja. Ya kwanza peke yake hakuwa na ujasiri wa kuipeleka.

Basi ikaja asubuhi ya kengele.

Wajukuu walikuwa na rafu yao na maji yao peke yao. Hilo lilikuwa sharti la kwanza la chumba. Samaki aliyeshtuka huacha harufu majini, na mwenzake akiinusa hushtuka pia. Hata kumwona tu mwenzake akitimka kunatosha, ndiyo maana kati ya rafu na rafu kuliwekwa mbao za kuzuia wasionane. Sharti hilo Mama Samaki alilijua kama jina lake. Ndiye aliyekuwa akilifundisha kwa wageni.

Siku hiyo alifika kuwalisha akakuta kengele ya pampu inalia, ile kali, ya kutoboa masikio. Pampu ya rafu ya wajukuu ilikuwa imezima na maji yamemwagika sakafuni. Alipotazama visanduku, akawaona samaki wote wamepanda juu kabisa, midomo inafunguka na kufumba kwenye uso wa maji.

"Niliona wanakata roho," anasema. "Wallahi niliona wanakufa. Kengele inalia, sijui nafanya nini. Nikampigia Profesa, simu imezimwa, kumbe yuko angani kwenye ndege. Fundi wa pampu akasema anakuja. Nikaona hadi afike nitakuwa nazoa maiti."

Rafu pekee yenye nafasi na maji yanayozunguka ilikuwa ile ya wale wanaofukuzwa. Akaviondoa visanduku vya wajukuu, akavichomeka pale, kimoja kimoja, hadi rafu yao ikabaki tupu. Maji ya wenye hofu yakaanza kupita kwa wenye amani. Na kwa kuwa hakukuwa na ubao kati yao, wakaanza kutazamana.

Fundi alifika, akabadilisha fyuzi, akaondoka hata chai hajamaliza. Mama Samaki akawarudisha wajukuu mahali pao na kuwapa chakula.

"Wakala kwa pupa," anasema. "Samaki anayekufa hali. Hapo ndipo baridi iliponiingia."

Profesa aliporudi alimweleza yote, hakuficha hata nukta. Profesa alivua miwani, akasema kwa sauti ya chini, "Mama, ilikuwa saa yao ya kula. Walikuwa na njaa tu."

Samaki hawa wanaweza kukaa kutwa nzima bila maji kuzunguka, na wasidhurike. Wajukuu walipanda juu kwa sababu ya kumwona yeye, mleta chakula, kama walivyofanya kila asubuhi ya maisha yao. Mtu aliyewalisha maelfu ya samaki, anayejua njaa yao kwa kutupa jicho tu, asubuhi hiyo alitazama njaa akaona kifo. Masikio yake yalikuwa yamejaa kengele.

"Sikuwa mimi niliyetazama," anasema. "Alikuwa yule aliyekaa nyuma ya mlango wa jikoni."

Wajukuu hawakufaa tena. Kama wangekutwa na woga, nani angesema kama ni woga wa bibi yao au ni wa asubuhi ile? Profesa hakumfukuza kazi, na anapoulizwa kwa nini, anajibu kwa ukali kidogo. "Nimfukuze kwa kosa gani? Kwa kuwaonea huruma? Aliyezima simu bila kumwachia mtu wa kumpigia ni mimi."

Lakini samaki ilibidi waondolewe. Kwa kazi hiyo hutumika maji ya barafu, ambayo huwalaza upesi. Mama Samaki aliomba aifanye mwenyewe, asiwaachie watu wasiowajua. Profesa alisimama naye. Pale, juu ya ndoo ya barafu, ndipo Mama Samaki alipomsimulia habari za Kifaranga kwa mara ya kwanza, huku akiwamimina.

"Wanasema majuto ni mjukuu," alimwambia. "Yangu ni mjukuu kweli, tena ana mapezi."

Profesa anakumbuka kwamba alitaka kucheka, akajikuta analia. Kisha akamwambia kitu ambacho watafiti hutakiwa kukisema, hata kama hakuna anayetaka kukisikia. "Mama, samaki si binadamu. Hata hawa wangetupa jibu, lisingekuwa jibu la binti yako."

"Najua," alijibiwa. "Lakini ningekuwa na la kumwambia."

Wiki iliyofuata alikwenda kwa binti yake mikono mitupu. Anasema alichoka kungoja, na mimba haingoji. Alimkuta kwenye cherehani, anashona foronya. Akakaa kwenye kigoda, akamweleza yote kuanzia kwenye ufunguo. Binti aliendelea kukanyaga pedali kwa muda, taratibu zaidi na zaidi, hadi sindano ikasimama kitambaani.

"Kwa hiyo sikuzaliwa mjinga," alisema.

"Hukuzaliwa mjinga, mwanangu. Ulitishwa, nami ndiye niliyekuwa nimekubeba."

"Miaka yote hii wananiita Kifaranga, na wewe unajua."

"Sikujua. Nilikuja kujua kule kazini."

"Lakini ufunguo uliujua." Binti aliondoa mguu kwenye pedali. "Ulijua nina baba wa namna gani. Ukaniacha nijione nina kasoro. Na Kifaranga uliniita na wewe, mama. Wewe ndiye uliyeanza."

Hilo ni kweli, na mama hakulikana. Jina alilitoa yeye, kwa mapenzi, siku alipomkuta mtoto amejificha ndani ya kapu la nguo.

Kisha binti aliweka mkono tumboni, akauliza swali ambalo mama yake alikuwa amelisubiri kwa muda mrefu kuliko yeye mwenyewe. "Na huyu je?"

Mama Samaki anapofika hapa anafuta mezani mahali pasipo na uchafu.

"Nilitamani hata nimdanganye," anasema. "Kudanganya naweza, si nilishamdanganya habari za safari? Lakini nikaona hapana. Nikamwambia, sijui, mwanangu. Walioweza kunionyesha nimewaua mimi."

Binti alirudi kwenye foronya yake, na mama akaondoka bila kusindikizwa.

Kwa majuma kadhaa simu zake hazikupokelewa. Mkwe wake ndiye aliyempigia, kwa siri, kwa ile sauti yake ya kunong'ona, kumwambia kwamba binti anakula, ila usiku halali vizuri, na hajasema neno juu ya siku ile. Mama Samaki aliendelea kuja kazini. Aliwalisha waliobaki. Pampu ilipoguna tu alikimbia kuitazama, hata kama haijazima, hadi wenzake wakaanza kutazamana.

Juzi binti alipiga mwenyewe. Hakuomba radhi wala hakusamehe. Alisema daktari ameona mtoto yuko karibu, kwamba mumewe hajui kumshika mtoto mchanga na anaogopa kumvunja, na kwamba chumba cha nyuma kiko tupu. Mama anaweza kuja kukaa, kama anataka, kwa sharti moja.

"Jina langu unalijua," alimwambia. "Mle ndani sitaki kusikia lile jingine."

Kwa hiyo Mama Samaki ameomba likizo, ya kwanza ndefu tangu aanze kazi. Anamfundisha msaidizi namna ya kuvuta plastiki asubuhi bila kuwashtua maharusi. Nguo zake amekwisha kuzipanga. Alinunua na mafuta ya kulainisha bawaba, ya kutosha kila mlango wa nyumba ile.

Profesa anamkuta karibu na rafu, anamuuliza kama ana hakika anataka kuondoka wakati huu ambapo mayai mapya yametoka. Anamkumbusha kwamba kutoka hapa hadi kwa wajukuu ni vizazi vitatu, na baada ya hapo kuna kuzisoma zile alama. Mambo yakienda vizuri kabisa, jibu litatoka mwishoni mwa mwaka ujao. Anaweza kuwa wa kwanza kuambiwa.

Mama Samaki anaosha chujio lake, analining'iniza kwenye msumari.

"Mtoto atafika kabla ya jibu," anasema. "Itabidi tumpokee hivyohivyo."